Pikipiki Kuukuu ya Kiitalia

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za pikipiki moja tu, na jinsi tulivyojifunza kuitunza na kuibadili katika ua wa nyumba yetu. Huenda wako watakaosema ya kwamba mwalimu wa chuo cha ualimu ingempasa kuzungumza habari za chaki na daftari. Neno lao ni la haki. Lakini chombo hiki nacho kimetufundisha, na ada yake haikuwa ndogo.

Pikipiki yenyewe ni Moto Guzzi, namna iitwayo 850 Le Mans. Iliundwa Mandello del Lario, mji mdogo ulio kando ya ziwa la Como, kaskazini ya Italia. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1921 na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi, watu waliofahamiana walipokuwa wakitumikia jeshi la nchi yao katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwenzao wa tatu, Giovanni Ravelli, alikuwa rubani. Alianguka na ndege mwaka 1919 akafa kabla shauri lao halijatimia. Kwa kumkumbuka, wenziwe walichukua sura ya tai aliyekunjua mabawa iwe alama ya kampuni, na tai huyo yumo ubavuni mwa matangi yao hata leo. Twaomba mmweke moyoni, maana tutamrudia.

Le Mans ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikapewa jina la mji wa Ufaransa wenye mashindano ya mwendo wa saa 24. Injini yake ina silinda mbili zilizopanuka kama herufi V, moja kulia na moja kushoto, zikitokeza chini ya tangi kama magoti ya mtu aliyechuchumaa. Upana wa kila silinda ni milimita 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 78. Ukizikusanya zote mbili wapata sentimita za ujazo 844. Haina mnyororo, bali nguvu yake hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya bomba. Fremu yake ni kazi ya Lino Tonti, iliyoonekana kwanza katika V7 Sport ya mwaka 1971: mabomba yaliyonyoka, tena ya chini yamefungwa kwa bolti, hata mtu na nduguye waweza kuyafungua na kuiacha injini imekaa juu ya gogo huku fremu ikiinuliwa juu yake. Tumekwisha kufanya hivyo, na migongo yetu ni mashahidi.

Sisi tuliinunua mwaka 2011 kwa mhandisi mmoja Mwitalia aliyekuwa katika kazi ya barabara, mkataba wake ulipokwisha. Siku ya kutukabidhi ufunguo alitushika mkono akatuambia, Bwana Mwalimu, usibadili hata kijibolti kimoja. Kila kitu kimo kama kilivyotoka kiwandani. Tulimheshimu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na alisema kwa machozi.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Kwa kuwa vichwa vya silinda vimetokeza nje, kazi ya kupima vali, ambayo katika pikipiki nyingi humlazimisha mtu kuvua tangi na nusu ya mavazi ya chombo, hapa yafanyika ukiwa umekaa juu ya kigoda. Injini iwe baridi kabisa. Sisi huianza alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza. Twatoa plagi zote mbili, twafungua vifuniko vya vichwa, twaweka gia ya tano, kisha mmoja azungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, polepole. Ubavuni mwa nyumba ya klachi kiko kitundu kilichozibwa kwa mpira. Ukiung'oa na kuchungulia kwa taa, waona ukingo wa flaiwili ukipita, nao umechorwa mistari na herufi. S ni kushoto na D ni kulia, kwa lugha ya Kiitalia. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alipoziona alidhani S maana yake ni “simama,” naye akasimama kweli, akamwacha mwenziwe akizungusha gurudumu peke yake.

Mstari wa S ukija katikati ya kitundu, pistoni ya kushoto imefika juu. Lakini hufika juu mara mbili: mara moja kwa kubana hewa, na mara moja kwa kutoa moshi. Shika roka kwa vidole. Zikilegea zote mbili, vali zimefungwa nawe uko mahali pa haki. Moja ikiwa bado yasukumwa, zungusha mpaka mstari urudi tena. Ndipo uingize bamba la kipimo la milimita 0.22, ambalo unene wake ni karibu sawa na karatasi mbili za kuandikia. Lapasa kupita likikwaruza kidogo. Lisipopita, legeza nati, geuza skrubu kidogo, kaza nati, kisha upime tena, maana nati ikikazwa huivuta skrubu pamoja nayo. Wengi huogopa kelele za vali, wakaziba nafasi hiyo ili injini inyamaze. Injini yanyamaza kweli. Lakini vali isiyokaa sawasawa katika kiti chake haiwezi kupoa, nayo huungua bila kumwambia mtu.

Kontakti za umeme ni jozi mbili, kila silinda na yake, na nafasi yake ni baina ya milimita 0.37 na 0.43. Hapo hapana mengi ya kusema, illa kwamba ziwe safi, na mtu asizipake grisi kwa ukarimu.

Hayo yote tuliyafanya kwa uaminifu miaka miwili, wala hatukubadili kijibolti. Lakini yako mambo tuliyoyaona kwa macho tusiyatie moyoni. Kabureta za Le Mans ya kwanza, ambazo ni Dell'Orto za milimita 36, zilitoka kiwandani zikiwa na midomo wazi kama tarumbeta, na mbele ya midomo hiyo wavu wa waya tu. Chujio la hewa hapana. Kando ya ziwa la Como, juu ya barabara za lami zinazooshwa na mvua, na kwa mtu apendaye mwendo wa mashindano, jambo hilo lina maana yake. Sisi nyumba yetu iko mwisho wa maili tisa za barabara ya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi lori likipita mbele yako huoni hata mikono yako mwenyewe. Wavu wa waya huzuia panzi. Vumbi lapita kama wageni wa harusi.

Tena silinda za pikipiki hizo za kwanza zilifanywa kwa aluminiamu, ndani zikapakwa chuma cheupe cha kromi. Kromi ni ngumu, lakini ikikwisha kukwaruzwa huanza kubanduka, na magamba yake huanguka ndani ya mafuta. Katika mwaka wa tatu tuliona moshi wa buluu ukitoka nyuma, haba kwanza, kisha hata watoto wa jirani wakaanza kuukimbilia. Siku tulipomwaga mafuta katika karai tuliona ving'aavyo vinaelea kama magamba ya dagaa. Chujio la mafuta katika injini hii limo ndani ya sampu yenyewe, huwezi kulifikia mpaka umefungua bolti zote za chini. Tulipolitoa na kulikata kwa kisu, lilikuwa limejaa. Bushi za fito za pistoni nazo zilikuwa zimechorwa mistari.

Wasikilizaji, tulikaa juu ya kigoda kile kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeweka akiba ya bati kwa nyumba tuliyokuwa tukiijenga. Silinda mpya na pistoni zake zingeila akiba hiyo karibu yote. Na wakati ule ule tulikuwa tumepata barua ya bwana mmoja wa Ulaya, mkusanyaji wa pikipiki za kale, ambaye alikuwa tayari kuinunua hata ikiwa mbovu, kwa sharti moja: iwe haijabadilishwa kitu. Fedha aliyoitaja ingetosha bati, na madirisha juu yake.

Tulimweleza mwenzetu wa nyumbani, tukidhani shauri lake twalijua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Baba Neema, ukiuza tutapata bati, nami nitakuwa na mume anayechungulia barabara kila pikipiki ipitapo. Itengeneze. Lakini safari hii uitengeneze kwa nchi hii, si kwa nchi ile.” Nyumba ilingoja masika mengine mawili chini ya makuti.

Tuliagiza silinda za Gilardoni, watu wa Mandello vile vile, ambazo ndani hazikupakwa kromi bali Nikasil, yaani nikeli iliyochanganywa na chembe za silikoni kabidi. Silinda na pistoni huja zimepimwa pamoja na kupigwa chapa ya herufi, A au B au C. Yapasa herufi zipatane, wala mtu asiazime pistoni ya rafiki. Mwalimu wa sayansi wa chuo chetu alitushikia pete za pistoni zikiingia, nasi tukashikilia pumzi zetu. Bushi tulibadili.

Kisha tukaja kwenye mabadiliko, na hapa nia yetu ilikuwa imebadilika pia. Tulizitoa zile tarumbeta, tukaweka mahali pake machujio mawili ya sponji, ya umbo la pia, yaliyotiwa mafuta ya kunasa vumbi. Kwa kuwa sponji huzuia hewa kidogo, petroli ikazidi, injini ikawa nzito na plagi zikatoka nyeusi kwa masizi. Ilibidi kupunguza jeti kubwa, yaani kile kitundu kipimacho petroli ya mwendo wa kasi. Twashauri mtu afanye kazi hii kwa subira: namba moja kwa mara moja, silinda zote mbili sawa, kisha apande kilima kirefu kwa nguvu, azime injini pale pale juu, atoe plagi aitazame. Nyeusi, petroli imezidi. Nyeupe, imepungua, nayo ni hatari kwa pistoni. Rangi ya kahawa yenye maziwa ndiyo itakiwayo. Tulipanda kilima kimoja mara kumi na moja kwa siku mbili, na wanavijiji wakauliza kama tumepoteza kitu.

Kabla hatujafunga machujio tulizisawazisha kabureta bila chombo chochote, kwa kutia kidole katika kila mdomo na kugeuza mkono wa petroli polepole: vilango viwili vikianza kuinuka pamoja, vidole vyaona.

Zile tarumbeta na waya zake tumezifunga kwa kitambaa ndani ya sanduku, na juu yake tumeandika tarehe na namba za jeti za kwanza. Fremu hatukuikata popote wala kutoboa tundu jipya. Akija mtu baada yetu akitaka chombo kama kilivyotoka Mandello, atakipata kwa kazi ya mchana mmoja. Kukata chuma kwa ajili ya urembo ni jambo tusilolipenda. Tumeona pikipiki nzuri zilizokatwa mkia na vijana wenye msumeno, na msumeno haurudi nyuma. Kiti lakini tulikibadili bila majuto. Kile cha asili kilikuwa kipande kimoja cha mpira, kikapasuka kama kawaida ya viti vile. Fundi wa kushona matandiko alitufanyia kingine cha ngozi, kinene kidogo, kwa maana tumetimiza miaka arobaini na mgongo wajua.

Katika breki hatukugusa mpango wa kiwanda. Kanyagio la mguu hushika breki ya nyuma pamoja na sahani moja ya mbele, na mkono hushika sahani ya pili ya mbele. Wako wanaozitenganisha, na katika mchanga twaelewa sababu yao. Sisi tulibadili mipira tu, kwa maana mpira mkuukuu huvimba ndani na kuizuia breki isiachie, na kila mwaka wa pili twabadili mafuta yake, kwa kuwa hunywa unyevu wa hewa. Mafuta hayo pia hula rangi. Tulikuwa tumeambiwa, tena tumewaambia wengine. Hata hivyo siku moja kikopo kiliteleza mkononi, yakamwagika juu ya tangi upande wa kushoto, nasi tukakimbilia maji tukachelewa. Tai wa kulia yu mzima. Wa kushoto amebakiwa na bawa moja na nusu ya kichwa, na fundi rangi wa mjini hajapata bado wekundu unaolingana. Jumamosi twampelekea kifuniko cha ubavuni akakitazame tena juani.