Zambi ni Kidonda, Kitubio ni Dawa
(Mafundisho ya mwalimu wa dini siku ya yubile)



Katika Kitabu cha Walawi, mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa kumfungua mtumwa na kumrudishia mtu shamba lake. Sisi watu wa Kasongo tunaelewa neno hilo upesi. Mji wetu ulikuwa makao ya Tipo Tipo, na misafara ilipita Kabambare kuelekea ziwa Tanganyika. Hatuhitaji kufundishwa mnyororo ni kitu gani. Lakini uko mnyororo mwingine, usiofuliwa na mhunzi: ndio zambi.

Zambi ni kidonda cha roho. Ukikifunika kwa nguo nzuri, kinaoza ndani. Mtakatifu Marko anasimulia habari za mwenye kupooza wa Kapernaumu: watu wanne walimchukua, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yezu. Yezu alitazama imani yao, akamwondolea kwanza zambi, kisha akamsimamisha. Angalieni: mgonjwa hakufika peke yake.

Lakini si kila ugonjwa ni azabu. Wanafunzi walipouliza nani alikosa hata mtu akazaliwa kipofu, Bwana alikataa kumhukumu yeye wala wazazi wake. Basi mtoto akishikwa na homa, apelekwe dispanseri, tena tumwombee. Kazi hizo mbili hazigombani. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya Mpako wa Wagonjwa, ili mgonjwa asingojee saa ya kufa.

Shida yetu ni hii: kifo kikiingia nyumbani, wengi wanatafuta mlozi. Wanakwenda kwa mfumu, naye anamtaja mama mzee, mjane. Mama anafukuzwa, nyumba yake inachomwa. Wanafikiri wameondoa ubaya kijijini. Kumbe wameupanda mioyoni mwao. Na Jumapili wanapokea Komunyo!

Dawa ni Kitubio: kujuta, kukiri, na kulipa. Padri anaondoa zambi kwa jina la Mungu, lakini nyumba iliyochomwa haijijengi. Mwizi arudishe mbuzi. Msingiziaji aseme ukweli mbele ya wale waliosikia uongo wake.

Na aliyeumizwa? Naye ana kidonda, ndicho chuki. Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alimsamehe muuaji wake kabla ya kukata roho. Mwaka 1985, kule Kinshasa, Papa Yoane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri, alitoa msamaha huo mbele ya watu wote kwa jina la Kanisa zima.

Ndugu wapendwa, kila shirika lijiulize: nani alifukuzwa kwetu? Watu wanne wamwendee, wamrudishe, wamjengee. Hapo yubile yetu itakuwa yubile kweli.

Mungu awabariki.