Tableti Yako Inajua Kusoma kwa Sauti. Umeiwasha?



Vijana wenzangu wa Kisumu, na nyinyi mnaotufuata kutoka Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Usenge. Leo nataka tuongee juu ya ile tableti iliyoko nyumbani, ile watoto wanachezea gemu. Kuna haki ya mtu imelala ndani yake.

Mnamjua Abdullah ibn Ummi Maktum, radhiyallahu anhu. Sahaba kipofu, yule ambaye mwanzo wa Surat Abasa uliteremka kwa sababu yake. Wengi wetu tukishafundishwa hapo madrasa, tunaishia hapo. Lakini huyu alikuwa pia muadhini wa Mtume ﷺ, pamoja na Bilal. Ramadhani watu wa Madina waliruhusiwa kula na kunywa mpaka waisikie adhana yake. Na yeye hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka.

Hebu fikiria hapo. Hakuna aliyesema huyu haoni alfajiri, basi akae nyumbani. Alipewa kazi, na kando yake pakawa na mtu wa kumwambia kile ambacho macho hayakuweza kumwambia. Mji mzima ukaanza saumu kwa sauti ya kipofu.

Leo huyo mtu wa kando yuko ndani ya kifaa. Kwenye Android anaitwa TalkBack, kwenye iPad anaitwa VoiceOver. Kwenye iPad umemkuta ndani tayari, na kwenye tableti nyingi za Android vilevile. Hulipi kitu. Ni kumwasha tu.

Kwa nini hili ni jambo la harakati kama yetu na si la mafundi wa simu? Angalia. Mwaka 2023 Serikali ilizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zikawekwa eCitizen. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, pasipoti, yote huko. Sasa kijana asiyeona wa Kaloleni au Nyalenda anafanyaje? Anapelekwa saiba. Anamtajia mtu asiyemjua nambari yake ya kitambulisho, nywila yake, na mara nyingine hata PIN ya M-Pesa, huku watu watatu wako kwenye foleni nyuma yake wanasikiliza.

Ndugu zetu Wanubi wanaujua vizuri uchungu wa kuhojiwa zaidi ya wengine ndipo upate kitambulisho. Nubian Rights Forum na wenzao walienda mahakamani juu ya Huduma Namba, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema Serikali isiendelee mpaka iweke kanuni kamili, na isichukue DNA za watu. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tumeilinda data yetu mbele ya jaji, halafu ndugu yetu asiyeona tunamwacha aitaje yote kwa sauti pale saiba? Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa faragha yeye pia. Na Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Hicho kifaa wewe unacho sebuleni.

Basi fanya hivi. Fungua mipangilio, tafuta mahali penye alama ya kijitu kilichonyosha mikono. Ndani utaona TalkBack. Kabla hujaiwasha, weka njia ya mkato ya vitufe viwili vya sauti, ukivibonyeza pamoja kwa sekunde tatu inawaka au inazima. Hii usiiruke, kwa sababu ukishaiwasha tableti inabadilika tabia na wengi hudhani wameiharibu. Gusa mara moja, inakusomea ulichogusa. Gusa mara mbili haraka, ndipo inafungua. Telezesha kidole kulia, inaenda kwenye kitu kinachofuata. Kupanda na kushuka ukurasa ni vidole viwili. Siku ya kwanza utachoka. Ndani yake kuna mazoezi yanayokufundisha hatua kwa hatua, yafuate.

Sauti ya Kiswahili ipo kwenye programu ya Google ya kusoma maandishi. Pakua mara moja ukiwa na bando au Wi-Fi, baadaye inasoma hata bila intaneti. Punguza kasi mwanzoni. Vaa earphone. Na kwenye menyu ya TalkBack unaweza kuificha skrini iwe nyeusi kabisa, wewe unasikia lakini aliye jirani yako kwenye matatu haoni kitu. Kwa mtu asiyeona, hiyo ndiyo faragha yenyewe.

Tahadhari moja: Kiarabu pia inasoma, lakini hiyo si qiraa. Haina tajwidi. Kwa Qur'ani msikilize msomaji wa kweli.

Mzee mwenye mtoto wa jicho hahitaji haya yote. Mkuzie maandishi, mwongezee utofauti wa rangi, mwonyeshe namna ya kuvuta skrini iwe kubwa. Dakika tano. Kwa asiyesikia, kuna programu ya Live Transcribe inayoandika maneno ya mzungumzaji hapohapo, na Kiswahili inakijua. Khatibu akichanganya Kiarabu itavurugavuruga, kwa hivyo tusiitumie kama kisingizio cha kutotafuta mkalimani wa lugha ya ishara.

Sasa wewe admini wa grupu la vijana. Bango la darasa ni picha. TalkBack ikifika hapo mara nyingi husema picha, basi. Mwenzako hajui ni lini, wapi, wala nani anasomesha. Andika maneno yaleyale chini ya bango. Facebook na X zina mahali pa kuandika maelezo ya picha, patumie. Ukipiga kitabu picha ukakifanya PDF, hicho nacho kinaweza kuwa bubu. Na zile emoji kumi za mikono ya dua mfululizo, jamani, mwenzako anaweza kusomewa moja baada ya nyingine kabla hajafika kwenye ujumbe!

Hapa kwetu Kibos kuna shule za wanafunzi wasioona. Wengi wao wanajua mambo haya kutuzidi. Ukitaka mwalimu wa TalkBack, mtafute aliyesoma huko kabla ya kumtafuta fundi wa mjini, na umlipe kama unavyomlipa fundi.

Jumamosi hii baada ya Alasiri tunakutana ukumbi wa madrasa. Njoo na tableti au simu iliyojaa chaji, earphone, na mtu mmoja wa nyumbani kwenu anayehitaji. Akiwa hawezi kufika mwenyewe, andika hapa chini mtaa mnaokaa, tutapanga nani awapitie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.