Kifuniko cha Anga Yetu: Kufundisha Angahewa Tukiwa Thika na Ruiru

Walimu wenzangu, mtu aliyehamia Ruiru kutoka Mombasa hulalamika kwamba maharagwe ya huku yanamaliza makaa. Hakosei. Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na karibu sehemu moja kati ya sita ya hewa yote imebaki chini yetu. Kanieneo imepungua, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Somo la angahewa lianzie hapo, kwenye sufuria, kabla ya ule mchoro wa matabaka matano.

Tabaka la kwanza ni troposfia. Kila ukipanda kilomita moja, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5, ndiyo maana kilele cha Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, kina baridi kuliko mjini Thika. Vitabu vingi vinasema tabaka hili linakoma kilomita 12. Huo ni wastani wa dunia, na kwetu unapotosha. Kwenye ncha za dunia ni kilomita 8 au 9. Juu yetu, jirani na Ikweta, ni 16 au 17, kwa sababu jua kali huipasha ardhi moto nayo hewa hupanda kwa nguvu. Kwa kuwa safari ni ndefu, baridi huko juu hufika takriban nyuzi 80 chini ya sufuri, kali zaidi kuliko kwenye mpaka huohuo juu ya Ncha ya Kaskazini. Wanafunzi wataguna. Waacheni wagune.

Mbona hewa haiendelei kupanda? Tazameni moshi wa Thika alfajiri ya Januari, baada ya usiku usio na mawingu. Unapanda kidogo, kisha unatandazika juu ya bonde la Chania kama shuka. Ardhi imepoa, hewa baridi imelala chini, yenye joto iko juu: kifuniko. Stratosfia, tabaka la pili, ni kifuniko cha namna hiyo, ila kikubwa. Ozoni yake hunasa mionzi ya urujuanimno na kupata joto, hadi karibu nyuzi sufuri kwenye kilomita 50. Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha puto za kupima ozoni hiyo kutoka Dagoretti Corner, Nairobi, tangu miaka ya 1990.

Mesosfia nitaipita haraka: baridi tena, na vimondo vingi huungulia humo. Thamosfia ina joto la mamia ya nyuzi, hata zaidi ya 1,000, lakini hewa ni haba mno kumuunguza mtu. Uhaba huo ulipimwa na setilaiti ya Italia, San Marco 2, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 26 Aprili 1967. Eksosfia ni ukingo tu.

Kwa darasani, vipimajoto viwili vinatosha kuonyesha kile kifuniko cha alfajiri. Kimoja kiwekwe kwenye nyasi, kingine kipandishwe kwenye mlingoti wa bendera kabla jua halijachomoza, baada ya usiku mtulivu usio na mawingu, kisha kishushwe upesi na kusomwa. Cha mlingotini ndicho kitakachoonyesha joto zaidi.