Kuchungulia Damu ya Ubongo

Ubongo, ambao uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya mwili, hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, na kwa kuwa hauna akiba ya maana ya oksijeni, dakika chache bila damu hutosha kuudhuru. Kwa mgonjwa mahututi asiyeweza kueleza ganzi wala kizunguzungu, presha inayopimwa mkononi haitoshi, kwani msukumo unaoufikia ubongo ni wastani wa presha hiyo ukitoa shinikizo lililomo ndani ya fuvu. Mwaka 1982 mtafiti Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya sauti yasiyosikika, yakipitishwa kwenye panja, pale mfupa ulipo mwembamba, hupima kasi ya damu katika ateri kuu za ubongo. Kasi, hata hivyo, si kiasi: ateri iliyosinyaa huharakisha damu huku inayopita ikipungua, mithili ya mpira wa bustani uliobanwa kwa kidole, na tabibu anayesahau jambo hilo hudhani hatari ni nafuu. Tena wapo wagonjwa, hasa wanawake wazee, ambao mfupa wao huyazuia mawimbi, na kifaa kikapakwa jeli, kikasogezwa huku na huko, kisinase chochote.