Kazi Yako Yakupeleka Wapi?



Kila mwaka wa masomo ukiisha, vijana wamalizao shule huulizana swali moja: "Utapata kazi gani?" Ni swali la haki. Wazazi wametoa fedha, ndugu wanatazamia msaada, na tumbo halingoji. Lakini liko swali la pili, ambalo mtu hajiulizi mpaka amekwisha fanya kazi miaka mitano au kumi. Asubuhi moja, hali akifunga vifungo vya shati ili aende kazini, humjia wazo: "Kazi hii yanipeleka wapi?" Swali hilo la pili ndilo nitakalolizungumza nanyi, kwa sababu lisipopata jibu humla mtu polepole, kama mchwa alavyo nguzo. Kwa nje nyumba huonekana nzima.

Tuanze na maneno. Lugha yetu ina neno kazi, nayo ina neno kibarua. Kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku, apate kukionyesha wakati wa malipo. Baadaye jina la cheti likawa jina la kazi yenyewe, kisha likawa jina la mtu aifanyaye. Tena katika mashamba ya katani ya Tanga, zamani za utawala wa Waingereza, palikuwa na kipande: kadi yenye nafasi za siku 30, ambayo ilitiwa alama kila siku mtu alipotimiza sehemu yake. Alama 30 zilipotimia ndipo mshahara ulipotoka.

Simlaumu hata kidogo mtu yule aliyehesabu alama zake. Jua la Tanga ni kali, majani ya katani yana miiba, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Alikuwa na haki ya kuhesabu. Ninaowafikiria ni wengine: wale wakaao kivulini, wenye kiti na kalamu, nao hushika kipande kisichoonekana na macho. Huingojea Jumamosi, kisha huungojea mwisho wa mwezi, kisha likizo, kisha malipo ya uzeeni. Mtu ahesabuye siku zake ili ziishe ana haja ya kujua ya kuwa hizo ni siku zake mwenyewe wala si za tajiri.

Sasa niwape habari za karani mmoja wa pwani hiyo hiyo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam toka mwaka 1922 hata 1926, na mwaka huo wa 1926 akaandikwa karani wa forodha. Kazi ya forodha mwaijua. Bidhaa zashuka, zahesabiwa, zapimwa, zaandikwa, ushuru watozwa. Na kesho yake vivyo hivyo. Alikaa katika kazi hiyo miaka 18. Mwaka 1944 akatiwa katika idara ya wanyama, mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na toka mwaka 1952 hata 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Jumla yake ni miaka 34, na muda huo wote alikuwa mtu wa kutumwa na kuhamishwa. Hakuwa mkubwa wa ofisi.

Basi tazameni yaliyotoka katika mkono ule ule uliojaza madaftari ya serikali. Alitunga mashairi ya Pambo la Lugha, yaliyopigwa chapa mbali sana na kwao, huko Johannesburg. Aliandika habari za maisha yake. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi ambalo husomwa hata leo. Akatunga na utenzi wa vita vya mwaka 1939 hata 1945, wenye beti zipatazo 3,000. Wanafunzi wapendao hesabu na waitazame hiyo: mtu akitunga beti mbili kila usiku, bila kukosa usiku mmoja kwa homa wala kwa harusi wala kwa uchovu, atahitaji zaidi ya miaka minne kuzifikisha. Na asubuhi yake ofisi inafunguliwa kama kawaida.

Miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja kiitwacho Utubora Mkulima, kilichotoka baada ya kufa kwake. Utubora ni mtu mwenye kazi nzuri ya mshahara kwa tajiri mmoja Unguja. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu, lakini aliiacha kazi ile akaenda kijiji kiitwacho Busutamu, kulima. Watu hustaajabu: mwenye akili gani aachaye meza akachukua jembe? Kitabu kizima ni jibu la mshangao huo. Utubora alijiuliza lile swali letu la pili, akaona ya kuwa meza ile, pamoja na mshahara wake wote, haimpeleki anakotaka kwenda.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaokisifu kitabu hicho. Mtungaji aliyemwondoa Utubora mezani, yeye mwenyewe hakuondoka. Alikaa. Wako wasomaji wakisomao kitabu kama amri ya kuacha kazi, na nimewahi kuwasikia vijana wakisema ya kwamba mtu mwenye moyo hukata kamba mara moja. Mimi sikisomi hivyo. Naona njia mbili zilizofikiriwa na kichwa kimoja. Njia moja ni kubadili kazi. Njia ya pili ni kuiacha kazi ifanye iwezalo kufanya, yaani kuleta unga na mafuta ya taa, na kutafuta mwelekeo wa maisha katika saa zilizobaki. Njia ya kwanza yataka ushujaa wa siku moja. Ya pili yataka ushujaa wa kila jioni, na huo hausifiwi na mtu, kwa kuwa hauonekani.

Nayo ina gharama, wala si vyema kuificha. Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na miaka 53, yapata miaka miwili tu baada ya kuacha ofisi. Ule uzee wa kukaa barazani mchana kutwa na kutunga kwa raha, hakuupata. Basi fikirini: kama angaliahirisha kutunga hata siku ya kustaafu, kama wengi wetu tuahirishavyo mambo tuyapendayo, angalituachia nini?

Katika vitabu vyake vimo na wasifu wa Siti binti Saad, na huyo bibi ana somo la namna nyingine. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, na utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, yeye akiwa msichana tayari. Hakupita shuleni. Alijifunza kazi ya kufinyanga, akavichukua vyungu mjini kuviuza. Husimuliwa ya kuwa sauti yake ilianza kujulikana kwa kunadi vyungu hivyo. Watu walitoka nje kuisikia sauti, kisha wakanunua na chungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Angalieni umri wake: miaka 30 hivi. Katika umri huo jirani zake hapana shaka walikwisha amua ya kuwa yeye ni mwuza vyungu na atakufa mwuza vyungu. Akaanza kujifunza kuimba kwa mafundi, pamoja na wapiga ala wa mjini. Alifika katika majumba ya wakubwa, lakini akaimba pia habari za mahakamani, na dhuluma waliyofanyiwa wanyonge, hasa wanawake, kwa Kiswahili ambacho mchukuzi wa bandarini aliweza kukifahamu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Afrika ya Mashariki kutiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Na jina la Mtumwa? Watu walimwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Hadithi ya Siti hupenda kusimuliwa kana kwamba vyungu vilikuwa aibu aliyookolewa nayo. Sivyo nionavyo mimi. Mwuza vyungu husimama mbele ya watu wasiomtaka, akafanya wamsikilize. Hujua mtaa gani una fedha na mtaa gani una maneno tu. Mtu aliyelipata somo hilo jua la mchana, alikwenda nalo jukwaani.

Wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeisikia ikitumiwa vibaya, na kwa kuwa nina nafasi nitaitetea. Mara nyingi humwangukia kijana alalamikaye juu ya kazi yake, ili anyamaze. Lakini methali haisemi ya kuwa shamba lolote ni sawa, wala haisemi ya kuwa mtu asihame bondeni kwenye maji ya chumvi. Inamsema yule asimamaye ukingoni, akishika jembe hili na kulitupa, akashika lile, hata mvua ikapita. Siti hakuwa mchagua jembe, ingawa alibadili kazi. Alikuwa amelima tayari.

Kadhalika neno kukinai lina pande mbili. Mtu aliyekinai ametosheka, moyo wake umetulia. Walakini mtu aliyekula muhogo mkavu siku saba mfululizo naye husema amekinai, maana yake hawezi kuutazama tena. Mtu anapohubiriwa kukinai, na aulize ni kukinai kupi. Ukiwa mshahara hautoshi chakula cha watoto, manung'uniko yake si ukosefu wa shukrani, wala dawa yake si hotuba katika redio. Dawa yake ni mshahara. Nayasema haya kwa sababu mazungumzo juu ya utulivu wa moyo hupendwa sana na waajiri.

Labda msikilizaji mmoja anasema sasa, "Yule alikuwa mshairi, na huyu mwimbaji. Mimi sina beti wala sauti. Nina mikono tu." Ndugu yangu, nilikuwa nakuja kwako.

Jahazi linapopandishwa pwani kutengenezwa, yuko fundi atiaye kalafati. Huchukua pamba iliyopakwa mafuta, akaishindilia katika nyufa za mbao kwa chembeu na nyundo, ufa baada ya ufa, toka omo hata tezi. Ni kazi ya kuchuchumaa na kulala chali mchangani, na mlio wake ni ule ule tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha sehemu ya chini hupakwa deheni, ya chokaa na mafuta. Jahazi lirudipo majini, kazi yake yote imefunikwa na maji. Abiria husifu tanga jipya. Husifu nakshi za tezi, na hodari wa nahodha. Fundi wa kalafati hawamjui jina.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja wa kazi hiyo kama hachoki na ufa usio na mwisho. Alinitazama kama mtu aulizwaye jambo la kitoto, akanijibu ya kuwa hafikiri ufa, hufikiri usiku. Nikataka anieleze. Akasema ya kuwa usiku, kati ya Unguja na Pemba, watu wote chomboni hulala isipokuwa mshika usukani na mmoja au wawili. Wanawake hulala na watoto wao juu ya shehena, na maji yako umbali wa ubao mmoja. "Basi," akasema, "mimi naziba pale wanapolala." Kisha akaendelea kugonga.

Hakuniambia ya kuwa anaipenda kazi yake. Sikumwuliza, na nadhani angeliona ni swali la watu wasio na shughuli. Lakini aliijua inakwenda wapi. Naye alikuwa mkali sana juu ya ujira: nilimsikia akibishana na mwenye chombo nusu saa nzima juu ya fedha za siku mbili, wala hakushuka hata kidogo.

Ninyi wanafunzi, likizo ikifika mtapata nafasi ya kukaa na wakubwa wenu. Msiwaulize tu wanafanya kazi gani; hilo mnalijua. Waulizeni kazi yao inamfikia nani, na kama kesho wasingekwenda, ni nani angetambua. Wako watakaojibu upesi. Wako watakaonyamaza kwa muda mrefu, na hao wapeni chai, msiwaharakishe. Na jioni, taa ikiisha washwa na hapana mtu awaagizaye neno, jitazameni wenyewe mikono yenu inakwenda kushika nini.

Wasikilizaji, wakati wangu umekwisha. Usiku mwema.