Thamani ya Dawa Isiyouzwa: Kanuni na Viwango vya Huduma katika Duka la Dawa la Mtaani



Nimeombwa nizungumzie kanuni na viwango vya huduma katika duka la dawa la mtaani. Naitoa hoja yangu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali. Ubora wa duka la dawa hupimwa zaidi kwa kile linachokataa kuuza. Sheria zetu zinamtaka mtoa dawa akatae mara nyingi kwa siku, lakini riziki yake huingia pale tu anapokubali. Mvutano huo ndio chanzo cha mengi tunayoyalalamikia.

Tuanze na historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkazi wa kijijini au wa mji mdogo nchini Tanzania hakuwa na famasi karibu. Alichokuwa nacho ni duka la dawa baridi. Kibali cha duka hilo kiliruhusu dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini antibayotiki ziliuzwa humo kila siku, na kila mtu alijua. Marufuku ilikuwepo na wakaguzi walikuwepo. Ila mtoto akishikwa na homa usiku, na zahanati iko mbali au imeishiwa dawa, mzazi hubisha hodi kwenye duka lililo jirani.

Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza majaribio mkoani Ruvuma, na ikachagua njia isiyozoeleka. Haikuongeza marufuku. Ilianzisha duka la dawa muhimu: mtoa dawa apewe mafunzo, jengo lifikie kiwango kilichowekwa, duka liruhusiwe kihalali kuuza orodha fupi ya dawa za cheti zikiwemo baadhi ya antibayotiki, na ukaguzi ushushwe hadi kwenye halmashauri. Mpango ukaenea nchi nzima. Uganda na Liberia nazo zikaanzisha maduka kwa mfano huo. Somo la Ruvuma ni kwamba watu hutii kanuni pale utii unapowezekana. Aliyekuwa akiuza kwa kificho alipewa elimu, ruhusa yenye mipaka, na sababu ya kuilinda ruhusa hiyo.

Tangu hapo tumejenga taasisi. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelipa Baraza la Famasi jukumu la kusajili wanataaluma na maeneo wanayofanyia kazi. Dawa zenyewe, usajili na ubora wake, ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, jina lililochukua nafasi ya lile la zamani mwaka 2019. Mkaguzi akiingia dukani leo anajua la kutazama: kibali, cheti cha msimamizi, rafu, tarehe za kuisha muda, jokofu la dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo duka linaweza kufaulu yote hayo na mgonjwa akaondoka amedhurika, kwa sababu huduma yenyewe hufanyika katika dakika chache za mazungumzo ambazo mkaguzi hazioni.

Chukueni dawa mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Mtu wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kwa wakati mmoja, na dozi nzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Mtoto aliye chini ya kilo 15 humeza kimoja. Dozi ya pili hufuata ukishapita muda wa saa 8 tangu ile ya kwanza, na dawa huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kwa hiyo mtoa dawa lazima aulize uzito wa mgonjwa, aulize kama amepimwa, aeleze saa za kumeza, na asisitize kumaliza dozi hata nafuu ikija siku ya pili. Kuandika "4x2" kwenye bahasha na kuisukuma mbele hakutoshi.

Sasa tuje kwenye kukataa. Mteja anafika na mafua, anaomba kapsuli tano za amoksilini kwa sababu ndizo pesa alizonazo. Mafua husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Inachofanya ni kuua bakteria walio dhaifu mwilini mwake na kuwaachia nafasi walio sugu. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Jibu sahihi kwa mteja huyu ni hapana, pamoja na maelezo: anywe maji ya kutosha, apate dawa ya kutuliza homa, na akianza kupumua kwa shida aende kituo cha afya mara moja.

Jibu hilo linalipa nini? Halilipi kitu. Mteja anavuka barabara na kuzipata kapsuli zake tano kwa jirani. Mwenye duka anayetii sheria amepoteza mauzo na pengine mteja wa kudumu. Aliyeivunja amepata vyote viwili. Katika hali hii tusishangae kuona cheti cha mfamasia kinaning'inia ukutani ilhali mwenye cheti haonekani. Mtaalamu ambaye kazi yake kubwa ni kuzuia mauzo yasiyofaa huonekana gharama tu kwa mfanyabiashara.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, ukaguzi ufike kaunta. Watumwe wateja wa siri waliofunzwa, waombe dawa ya cheti bila cheti, kisha taarifa zao zihesabiwe wakati wa kuhuisha kibali. La pili, maduka ya eneo moja yakaguliwe kwa pamoja, kwani kumbana mmoja na kumwacha wa ng'ambo ni kumwadhibu aliyekuwa akitii. La tatu, ushauri ulipwe. England ilianzisha mpango wa Pharmacy First Januari 2024, ambapo famasi ililipwa pauni 15 kwa mashauriano yaliyotimiza vigezo, hata mgonjwa akiondoka bila dawa. Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mikataba kati ya skimu za bima na maduka ya dawa iweke ada ya ushauri, hata iwe ndogo, isiyotegemea bei ya dawa.

Nitaambiwa hatuna fedha za kulipia maneno. Najibu kwamba tayari tunalipa, tena kwa bei kubwa zaidi: kwa dozi zilizorudiwa, kwa dawa ghali za akiba zinazohitajika zile za kawaida zikishindwa, na kwa siku nyingi za kulazwa. Nitaambiwa pia kwamba kukataa kunamwonea maskini. Kunamwonea akifukuzwa mikono mitupu bila neno. Akielezwa sababu na kuelekezwa pa kwenda, amehudumiwa.

Wanafunzi wangu, jifunzeni kukataa kwa adabu na kwa hoja, maana ni stadi ya taaluma kama kuchanganya dawa. Wenye maduka, mlindeni mtoa dawa wenu siku anapomkatalia mteja. Nanyi mnaonunua, mkinyimwa dawa ulizeni sababu. Mkipewa sababu ya kweli, duka hilo ndilo la kurudi kesho.