Nyota Yenye Mkia Ipitapo Karibu Nasi



Tangu kale watu wengi waliiona nyota yenye mkia kuwa dalili ya vita, njaa au maradhi. Wala hofu hiyo haikuwa ya wasiojua kusoma peke yao. Mwezi wa Mei 1910, nyota ya Halley ilipokaribia, magazeti yalitangaza kwamba mkia wake una hewa ya sumu, na ya kwamba Dunia itapita ndani yake. Huko Ulaya na Marekani wako walioziba madirisha, na wadanganyifu wakawauzia watu vidonge vya kujikinga. Siku ile ikapita, wala sumu hiyo haikumdhuru mtu, kwa maana mkia wa nyota hizi ni mwepesi mno.

Kwa kweli hiyo si nyota. Ni bonge la barafu na vumbi lizungukalo jua kwa njia yake. Likaribiapo jua, barafu hugeuka mvuke, nao huchukua vumbi pamoja nao. Ndipo tuonapo wingu na mkia.

Njia hiyo hupimika kwa hesabu. Mwaka 1705, Mwingereza Edmond Halley alionyesha kwamba nyota zilizoonekana miaka ya 1531, 1607 na 1682 ni moja, nayo itarudi kama mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742, lakini nyota yake ilionekana Desemba 1758, kama alivyosema.

Sasa tutazame nyota nyingine, ya Wirtanen, iliyogunduliwa mwaka 1948 katika nyumba ya kutazamia nyota ya Lick, huko California. Upana wa bonge lake wapita kilomita 1 kidogo tu, nayo hulizunguka jua kwa miaka 5 na miezi 5 hivi. Tarehe 16 Desemba 2018 ilitupita kwa umbali wa kilomita milioni 11 na nusu hivi, yaani kama mara 30 ya umbali wa Mwezi. Jioni ile ilikuwa karibu na Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama wapate kujua majira ya kulima.

Je, iling'aa kama taa? La. Nuru yake ilitawanyika mahali papana kuliko Mwezi mpevu, ikafifia kama maziwa ya kijiko kimoja yaliyomwagwa katika pipa la maji. Aliyetazamia mkia wa moto hakuona kitu. Bali aliyekwenda mahali pasipo taa, akangoja macho yazoee giza, kisha akatumia darubini, aliona wingu dogo la kijani. Basi ukaribu si hatari, wala si mwangaza. Mwaka 2024 nyota hiyo ililizunguka jua tena, lakini mbali sana nasi.

Nyota ya Halley itarudi mwaka 2061. Watoto walio shuleni leo watakuwa watu wazima, nao wataulizwa na watoto wao maana yake. Yafaa tuwafundishe sasa, ili siku hiyo watoke nje kuitazama, wala wasifunge madirisha na kumtafuta muuza vidonge.